Gogo la Katikati

Mjomba wangu simpendi, na sitaki mtu asome kurasa hizi akidhani kwamba mwishoni tutapatana. Ni kaka wa mama yangu, mkubwa wa ukoo wetu, mkulima wa korosho upande wa Nanyamba, mtu wa kuswali kwa wakati na kuchukua vitu vya watu kwa wakati. Mama alipofariki, mjomba aliezua mabati ya nyumba ya marehemu kabla ya arobaini, akayapeleka kuezekea banda lake. Tulikuwa tumekaa mkekani, wanawake watupu, tukisikia misumari inanyofolewa juu ya vichwa vyetu. Hakuna aliyemuuliza kitu. Kwetu mjomba haombi kwa mpwa. Anakuja, anaamkiwa, anachukua.

Mimi ni fundi wa boti za faiba. Nina kiwanja kidogo Mtwara mjini, nusu kimeezekwa makuti, nusu ni jua, na ndani yake nina kalibu moja ya kuundia boti, grenda moja, madumu ya gundi na marobota ya mikeka ya nyuzi za kioo inayowasha mwili mpaka usingizini. Mjomba anaiita kazi yangu kupaka plastiki. Anasema mwanamke mwenye akili angefungua genge. Nimezoea kusemwa, lakini sijazoea kusemwa na mtu aliyeezekea banda lake mabati ya mama yangu.

Kazi hii nilifundishwa na mwalimu mmoja wa chuo cha ufundi, mtu wa Mbeya aliyehamishiwa huku na ambaye hakulipenda joto la Mtwara hata siku moja. Alikuwa mkavu, hacheki. Neno alilolichukia kuliko yote ni "imara". Mwanafunzi akisema boti fulani ni imara, mwalimu aliacha chaki na kumuuliza: imara kwa mzigo gani, kwa muda gani, saa ngapi ya mchana? Tulimwona mtu wa kuchosha. Leo ndiye mtu pekee ambaye ningependa aje kukagua kiwanja changu.

Alitufundisha kwa vipande. Alichukua kipande cha faiba, upana wa vidole viwili, akakibana ukingoni mwa meza na kukining'inizia jiwe kwenye ncha. Kwanza alikiweka kivulini. Kila asubuhi tuliweka alama ya penseli ukutani kuona kimeshuka kiasi gani, na kwa siku nyingi alama zilikuwa karibu pale pale. Kisha akaihamishia meza kwenye dirisha linalopigwa na jua, chini ya bati tupu, jiwe lile lile. Wiki haikuisha, kipande kikawa kimeinama kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka. Alipolitoa jiwe kiliinuka kidogo, kikaishia hapo. Hakikurudi kilikotoka.

Kipande kingine, cha robota lile lile, alikipiga nyundo ghafla. Nyundo ikaruka. Cha tatu alikitoa kwenye deli la barafu la muuza samaki, akakipiga nyundo hiyo hiyo. Kikalia mlio mkavu na kubaki na doa jeupe lenye miale, mahali ambapo gundi ilikuwa imeachana na nyuzi ndani kwa ndani. "Nyuzi ni zile zile," alisema. "Gundi ndiyo inayobadilika tabia. Ukiipiga ghafla haipati nafasi ya kulegea, inakaza. Ukiipa baridi inakuwa ngumu, lakini inakosa uvumilivu. Ukiipa mzigo, na muda, na joto, inateleza kidogo kidogo katikati ya nyuzi, na haitakupigia kelele." Nimeandika maneno yake kwa ukamilifu kwa sababu baadaye sikuwa na udhuru wa kutojua.

Mwaka ambao nauzungumzia nilipata kazi yangu ya kwanza kubwa. Kikundi cha wanawake wanaolima mwani upande wa Mnazi Bay walitaka boti. Miaka yote walikuwa wanabeba mwani mbichi kichwani kutoka shambani, yaani ndani ya bahari, hadi ufukweni, na shamba lenyewe liko mbali kiasi kwamba ukisimama nchi kavu unaona vichwa tu. Mwenyekiti wao alikuwa mama wa makamo, shingo fupi, sauti ndogo. Alikuja kiwanjani kwangu, akaigusa kalibu na kuizunguka mara mbili, kisha akaniuliza swali ambalo mjomba wangu hajawahi kuniuliza: "Fundi, wewe unataka kujua nini kuhusu kazi yetu kabla hujaanza?"

Nilitaka kujua boti itakaa vipi. Akanieleza. Wakati wa bamvua, maji yanapotoka sana, wataifikisha shambani, maji yataiacha, itakaa juu ya mchanga na mawe. Wao watavuna na kupakia gunia moja moja, jua la saa tano, la saa sita, la saa saba, mpaka maji yarudi na kuinyanyua. Nikaelewa kwamba hii si kama boti ya mvuvi. Boti ya mvuvi inapigwa na mawimbi. Boti ya mwani inalemewa, pole pole, kwenye joto, siku nzima, halafu ikiwa imechoka ndiyo inaambiwa sasa beba wanawake wanane uwarudishe kwao. Nusu yao hawajui kuogelea. Nikaongeza tabaka chini na kukusudia kuweka mataruma ya ziada, yaani mbavu za ndani, katikati.

Boti ilitoka kwenye kalibu mwishoni mwa Septemba, futi ishirini na mbili, rangi ya bluu waliyoichagua wenyewe. Nikamwambia mwenyekiti kwamba bado. Kwa kidole imekauka, lakini gundi inatakiwa ikomae mwezi mzima kivulini, kisha ndipo nifunge mataruma ya katikati. Bila mataruma hayo tumbo la boti ni ganda tu. Mwenyekiti alihesabu miandamo kwa vidole, akasema bamvua la Novemba litawakuta tayari. Tukaagana hivyo.

Mjomba alikuja Jumamosi asubuhi na fuso.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kidude chako kimekauka?"

Nilimwuliza anakitakia nini. Akaniambia msimu wa korosho umechanganya, ghala la chama cha ushirika limejaa, zake ziko uani kwenye magunia na mchwa wameshaanza kupanda. Alikuwa ameshajaribu kuweka mbao chini, mchwa wakala mbao. Ameona plastiki hawaili. Na kweli hawaili. Mpango wenyewe haukuwa wa kijinga, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Vijana wa ukoo, watu wazima wawili wenye ndevu zao, walikuwa tayari wameshashuka na kuanza kukunja mikono ya mashati.

"Ni ya watu, mjomba," nilisema.

"Na wewe ni wa nani?"

Walibeba boti na kuipakia, na mmoja wao akaniomba kamba. Nikampa. Fuso ilipokata kona nilibaki nimesimama pale ilipokuwa boti, na nilimtukana mjomba matusi ambayo mama angenipiga kofi kwa ajili yake.

Siku nne baadaye picha iliingia kwenye grupu la ukoo. Mjomba hajui kuandika ujumbe mrefu, lakini kupiga picha anajua. Boti yangu ilikuwa katikati ya ua wake, jua kali, hapana mti wala kivuli. Imekalishwa juu ya magogo mawili ya mwembe, moja mbele chini ya omo, moja nyuma chini ya tezi, ili mchwa wasipate njia. Katikati hakuna kitu, unaona mpaka kuku waliosimama upande wa pili. Ndani magunia ya korosho yamepangwa hadi juu ya ukingo, na juu ya magunia imetandazwa nailoni nyeusi, imefungwa kwa kamba yangu, kuzuia mvua za mwanzo. Chini ya picha aliandika: "Ghala la kisasa. Mchwa wakome." Madole gumba yalikuwa yameanza kumiminika.

Niliikuza picha kwa vidole na kuitazama muda mrefu. Nilijua kila kitu. Nilijua gundi ina wiki mbili tu, nilijua nailoni nyeusi kwenye jua la Oktoba inafanya nini, na nilijua kwamba tumbo lile lisilo na mataruma litashuka kila siku upana wa unywele, bila mlio. Nilijua pia dawa yake: Mjomba, weka gogo la katikati, toa hiyo nailoni. Maneno hayafiki kumi. Simu ilikuwa mkononi.

Nikakumbuka misumari ya mabati. Nikasema moyoni, aache. Boti ilegee, ipasuke, magunia yake yaanguke kwenye mchwa, na ukoo mzima uone aliyekuwa anaita kazi yangu kupaka plastiki. Boti nitaitengeneza mimi, si nina grenda? Nilikuwa na furaha chafu kabisa, naikumbuka mpaka ladha yake. Kisha na mimi nikaweka dole gumba, nikalaza simu kifudifudi.

Boti ilirudi kiwanjani baada ya wiki tatu, zikiwa zimebaki siku mbili bamvua lifike. Korosho zilikuwa zimeshapokelewa ghalani. Mjomba alikuja nayo mwenyewe, kanzu safi, kofia, na wale wenye ndevu wawili. Mwenyekiti wa mwani alikuwepo pia. Nilikuwa nimemwita na kumweleza kwa simu kwamba mjomba ameiazima boti na nina wasiwasi nayo. "Ameiazima", ndivyo nilivyosema.

Ilikuwa asubuhi, umande bado uko kwenye makuti. Niliinama na kuvuta uzi wa mwashi chini ya mkuku, ule uti wa chini wa boti, kutoka omo hadi tezi. Tumbo lilikuwa limeshuka kuupita uzi. Vidole viwili, katikati, pasipokuwa na mzigo wowote. Nikasimama na kusema kwamba boti hii siitoi.

Mjomba alicheka. Akamtuma mmoja wa wale vijana wazima nyumba ya jirani, akarudi na mchi wa kutwangia. Mjomba akavua viatu, akapanda ndani ya boti na kanzu yake, akainua mchi kwa mikono miwili na kuushusha kwenye sakafu kwa nguvu zake zote. Boti ililia kama ngoma. Mchi uliruka. Akapiga tena, na tena. Kisha akaruka mwenyewe, mzee wa umri ule, juu na chini, akatua kwa visigino.

"Mnaona nyie?" alisema akihema. "Chuma hiki. Huyu ana lake jambo na mimi."

Watu walikubali. Hata mimi kama nisingefundishwa ningekubali, maana jicho linaamini mchi. Mwenyekiti alimwangalia mjomba, akaniangalia mimi. "Fundi, keshokutwa ni bamvua," alisema. "Wenzangu wananisubiri. Kama una sababu, nionyeshe."

Basi nikamwonyesha. Niliikalisha boti juu ya magogo mawili, omo na tezi, vile vile alivyoikalisha mjomba. Tulijaza madumu ya maji, tukayapanga ndani. Nikapima pale pale mzigo ulipoingia: vidole vitatu. Nikatandaza nailoni nyeusi juu. Nikaweka alama kwenye kijiti, nikampa mwenyekiti akishike yeye, nikawaambia tusubiri.

Mjomba alisema hajawahi kuona ujinga kama huo, kusubiri plastiki. Lakini hakuondoka, kwa sababu kuondoka kungekuwa kushindwa. Jua lilipanda. Adhuhuri waliswali, wakaletewa ugali wa muhogo na samaki, wakala chini ya makuti wakiupa mgongo uwanja. Niliweka kiganja ubavuni mwa boti na kukiondoa upesi. Hakuna aliyeipiga, hakuna aliyeiruka, hapakuwa na kitu cha kutazama. Ndivyo inavyofanya kazi yake, watu wakiwa wanakula.

Kabla ya alasiri tulisikia mlio mdogo, kama kijiti cha kibiriti kinavunjwa. Mwenyekiti aliinuka wa kwanza. Alichuchumaa mwenyewe kwenye uzi na kijiti chake, akapima, akapima tena. Vidole vitano. Ubavuni, karibu na gogo la tezi, palikuwa na mstari mweupe mwembamba urefu wa kiganja. Nikampa mchi mjomba.

"Piga sasa," nilimwambia. "Hapo kwenye mstari."

Hakupiga. Wenye ndevu wawili waliangalia chini. Nilieleza kwa sauti, nikijua natawala, kwamba asubuhi alipiga kwa haraka na kwenye ubaridi, na kwa haraka na ubaridi kitu hiki hukaza. Lakini yeye kwa wiki tatu alikilemeza kwenye jua, juu ya magogo mawili, hakuna hata gogo moja katikati, gundi ikiwa bado mbichi. Nikasema mtu yeyote mwenye akili angeweka gogo la katikati. Nikasema kwamba kama boti hii ingekwenda shambani, ingekatika huko huko na wanawake wanane ndani. Nilikuwa nimesubiri kusema hivyo tangu arobaini ya mama. Nilisema vizuri sana.

Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu, akatoa simu, akaipangusa kwa kidole gumba pole pole mpaka akapata alichokuwa anakitafuta. Hakunipa mimi. Alimpa mwenyekiti.

"Mama, mimi ni mkulima," alisema, na sauti yake kwa mara ya kwanza siku hiyo ilikuwa ya chini. "Sijui habari za gundi. Niliweka boti vile, nikapiga picha, nikawatumia wote siku ile ile. Na fundi yumo. Angalia mwenyewe alichojibu."

Mwenyekiti hakuwa na haraka. Aliisogeza simu mbali na macho, kisha karibu. Nilimwona anaiona boti, kuku, nailoni. Nilimwona anashuka kwenye orodha ya majina.

"Hili dole ni lako?"

"Ni langu."

"Ulipoliweka, ulikuwa umeona kwamba katikati hakuna gogo?"

Ningeweza kusema picha haikuwa wazi. Mjomba angenijibu, tungegombana mpaka magharibi, na ugomvi ungefunika kila kitu. "Niliona," nilisema.

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Ulitaka nini kitokee?"

"Nilitaka yeye aharibikiwe."

Mwenyekiti alimgeukia mjomba na kumtazama kuanzia kofia hadi miguu, kanzu safi, afya tele. Korosho zake zilitoka ndani ya boti yangu kavu, hakuna hata gunia moja lililoguswa na mchwa. Nailoni ile ilikuwa imezikausha vizuri kuliko mkeka. Kisha akanirudishia macho mimi.

"Huyu kaharibikiwa wapi?"

Hakungoja nijibu. Alimpa mjomba simu yake, akafunga khanga kiunoni, akaniambia nimtafutie bodaboda. Langoni alisimama. "Keshokutwa utakuja," alisema. "Saa mbili asubuhi uwe ufukweni." Sauti yake ilikuwa ndogo kama kawaida.

Mjomba alipita mbele yangu bila kuaga. Sijamwamkia tangu siku hiyo, na ukoo wanaona nimekosa adabu. Chuki yangu kwake iko pale pale, sijaitubu. Ila nimejifunza kutomuonea: boti aliichukua yeye, lakini aliyejua ni mimi.

Asubuhi yake nilianza kuikata ile boti kwa grenda. Tumbo lote lilikuwa la kutupa. Nilipofungua karibu na gogo la tezi, tabaka zilikuwa zimeachana, unaingiza ukucha kati yake, nyeupe kama maganda ya kitunguu. Nilifanya kazi mpaka mikono ikafa ganzi, na nilijua kabisa kwamba hata nikipata gundi na nyuzi mpya, na mwezi mwingine wa kivuli, bamvua hilo limeshanipita, na linalofuata pia.

Keshokutwa ilipofika, saa mbili nilikuwa ufukweni. Wanawake saba walinijibu salamu yangu kwa kuangalia maji. Mwenyekiti hakuwaambia kitu mbele yangu. Nadhani alikuwa ameshawaambia. Tulitembea ndani ya bahari iliyotoka, tukafika shambani, tukavuna mpaka mgongo ukawa mti. Saa sita wakanitwisha gunia. Maji ya mwani yalinichuruzika usoni, yana chumvi na vidudu.

Gunia la mwani mbichi likiingia kichwani halikuumizi. Hatua mia za kwanza nilitembea vizuri tu, hata nikaanza kujiuliza hawa walikuwa wanalalamika nini miaka yote. Ufukwe ulikuwa mbele, mdogo, na jua liko wima. Kisha, taratibu, bila kitu chochote kunigusa, shingo ilianza kuingia mabegani. Magoti yakaanza kutafuta chini kabla ya wakati wake. Nilitazama kama kuna mahali pa kuegemeza, jiwe, mti wa kufungia kamba za mwani, chochote. Katikati ya maji na nchi kavu hapakuwa na kitu. Mwenyekiti alikuwa nyuma yangu na gunia lake. Aliniona nikipepesuka mara ya kwanza, na ya pili. Alikuwa anajua njia nyingine, ya mchanga mgumu, hatua chache tu kushoto kwangu; niliiona baadaye, wote waliifuata. Aliniona, na hakusema neno.